Mimba ya Kwanza: Siri Iwe ya Watu Wangapi?



Safari hii tunazungumza hasa na ninyi ambao ndoa yenu bado ni changa. Mwezi umepita bila bibi kuona siku zake. Tumbo bado halijaonekana na hakuna aliyeambiwa, lakini ndani ya nyumba mambo yamekwisha kubadilika. Bibi hawezi kuvumilia harufu ya mafuta ya kukaangia samaki, jioni inapoingia usingizi umemshika, na jana alilia kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Bwana naye, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha habari hizi, hajui kama afurahi au aogope. Mara nyingi hufanya yote mawili, kisha hunyamaza.

Tuitazame nyumba ya namna hiyo katika kijiji cha Idsowe, karibu na mji wa Garsen, kando ya mto Tana. Maisha ya Idsowe yanafanana na ya wasomaji wetu wengi: shamba la kulima, mto wa kuchota maji, jamaa wa mume kila upande, na hospitali kubwa ambazo mpaka upande gari, ama kwenda Hola ama kushuka Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100. Msomaji wa Moshi au wa Kisumu ataona tofauti ndogo ndogo, lakini hofu ya bibi na ukimya wa bwana atavitambua mara moja.

Katika jamii zetu nyingi, za pwani na za bara, mimba changa haitangazwi. Wengine huogopa jicho baya. Wengine huona haya, hasa mbele ya baba mkwe. Wengine husema, na si bila busara, kwamba jambo ambalo laweza kuharibika lisitangazwe kabla halijakaa vizuri. Sisi hatuidharau desturi hiyo. Mwanamke aliyepoteza mimba ambayo kijiji kizima kiliijua hulazimika kuijibu habari hiyo njiani, sokoni na kanisani, na kila jibu ni kidonda. Basi, majirani wanaweza kungoja.

Shida huja siri inapopita kiasi. Bibi amwambie nani? Mara nyingine hata mume haambiwi mpaka mwezi wa tatu. Na kliniki haendi mpaka tumbo limejitokeza, mwezi wa tano au wa sita, kwa sababu akionekana tu kwenye benchi la kliniki, habari imefika nyumbani kabla yake. Kumbe miezi mitatu ya kwanza ndiyo miezi ya ujenzi. Moyo wa mtoto huanza kupiga mnamo wiki ya sita, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wakati huo huo, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unakuwa umekwisha kufunga, au umeshindwa kufunga. Inapotimia wiki ya 12 viungo vyote vikuu vimekwisha kuwekwa mahali pake, ingawa mtoto mzima hazidi urefu wa kidole. Anayeanza kliniki mwezi wa sita amekuta nyumba imekwisha kuezekwa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: siri iwe ya watu watatu, mke, mume na muuguzi. Mkipenda, mwongezeni wa nne, mwanamke mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi. Mara nyingi huyo atakuwa mama mzazi wa bibi au shangazi. Bibi ambaye mama yake yuko mbali asiachwe bila mtu wa kumwuliza mambo ambayo mume hawezi kuyajua.

Siku ya kwanza ya kliniki

Wizara ya Afya ya Kenya, ikifuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, inataka mama mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha. Kwa watu wa Idsowe, safari hiyo ya kwanza haihitaji kwenda mbali, Garsen inatosha. Nendeni wawili. Bwana akisema ana kazi shambani, akumbuke kwamba ni asubuhi moja.

Huko bibi atapimwa damu kuona kama imepungua na ni ya kundi gani, atapimwa kaswende na virusi vya UKIMWI, mkojo na shinikizo la damu. Bwana naye apimwe. Haifai mmoja ajue hali yake na mwingine akisie. Mtapewa kijitabu cha mama na mtoto, ambacho kikae mahali pakavu na si chini ya godoro. Mtapewa pia vidonge vya madini ya chuma na foliki. Foliki ndiyo inayosaidia ule mfereji tuliousema ufunge vizuri, na kwa hiyo wale ambao bado wanatazamia mimba wangefanya vyema kuanza kuimeza hata kabla haijatunga. Chuma hugeuza choo kuwa cheusi na kwa wengine huchafua tumbo. Kwa sababu hiyo vidonge vingi mno hubaki vimening'inia ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Vikikusumbua, meza usiku baada ya chakula, na uache chai ikae mbali navyo, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Vikishindikana kabisa, mwambie muuguzi badala ya kuviacha kimya kimya.

Wale mnaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi na mmekuwa mkiandika dalili zenu kila siku, pelekeni daftari hilo kliniki. Bibi ambaye hedhi yake haina mpango hawezi kupata tarehe iliyo karibu na kweli kwa kuhesabu miezi tu, lakini daftari lenu linaonyesha ni lini mimba ilitunga.

Neno moja juu ya fedha, kwa sababu nalo humnyima bwana usingizi. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF, pamoja na mpango wa Linda Mama uliokuwa chini yake, nafasi yake imechukuliwa na SHA. Jiandikisheni wote wawili sasa, na mwulize muuguzi kitu gani kinalipiwa na kitu gani hakilipiwi. Kuliuliza swali hilo katika mwezi wa pili ni jambo rahisi. Katika usiku wa uchungu ni jambo gumu.

Hofu kubwa

Hofu ambayo haisemwi ni hii: je, itakaa? Tuiseme wazi. Katika mimba zinazojulikana, kama moja kati ya saba au nane huharibika, na nyingi kati ya hizo huharibika kabla ya wiki ya 12. Katika nusu ya hizo au zaidi sababu ni kosa lililotokea mwanzo kabisa, wakati mbegu ya baba na yai la mama vilipokutana na chembe za urithi zikagawanyika vibaya. Hakuna aliyefanya kosa hilo. Bibi hakulifanya kwa kubeba kuni, wala kwa kulima, wala kwa kugombana na wifi yake. Kukutana na mumewe kitandani hakukulileta. Jirani hakulileta kwa jicho.

Tunayasema haya kwa kirefu kwa sababu tumeona yanayofuata pale yasiposemwa. Mimba inaharibika, na kabla machozi hayajakauka mtu anatafutwa wa kulaumiwa. Mama mkwe anamtazama mkamwana, mkamwana anamtazama jirani, na bwana anakaa nje mpaka usiku. Ndoa ya mwaka mmoja haina nguvu nyingi za kubeba mzigo wa namna hiyo. Ikiwa imewatokea, lieni pamoja, mwombeni padre asali pamoja nanyi, na mpeni bibi siku za kupumzika kama mzazi yeyote aliyefiwa. Wengi waliopoteza mimba ya kwanza huzaa vizuri baadaye.

Na damu kidogo je? Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne huona matone ya damu katika miezi hii ya kwanza, na wengi wao huendelea na mimba zao mpaka mwisho. Lakini hakuna awezaye kuitambua damu ya salama akiwa nyumbani, kwa hiyo kila damu ionyeshwe kliniki. Ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi: damu nyingi, maumivu makali chini ya tumbo hasa upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega pamoja na hayo. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, kwenye mrija, na mrija huo ukipasuka mama hufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Hapo bwana asiende kwanza kumwamsha mjomba kuomba shauri. Atafute pikipiki au gari, na shauri litafuata njiani.

Homa pia isipuuzwe. Husemwa kwamba mimba changa huleta homa. La hasha! Mimba huleta uchovu na joto kidogo mwilini, lakini homa ya kutetemeka kando ya Tana ni malaria mpaka vipimo viseme vingine, na malaria katika mimba ya kwanza ni kali kuliko katika zile za baadaye. Chandarua kitumike kila usiku, hata wakati wa joto. Vidonge vya SP vya kukinga malaria hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13. Kabla ya hapo bibi asivimeze, wala bwana asiende kumnunulia dukani kwa wema wake. Dawa yoyote nyingine, hata ya kichwa, itanguliwe na maneno haya: "Mimi ni mja mzito." Yasemwe hata kabla ya kupigwa picha ya eksirei.

Mwarobaini tuutaje kwa jina, kwa sababu kila ua wa pwani una mti huo. Majani yake huchemshwa kwa homa, na wazee huyasifu sana. Katika majaribio ya wanyama dawa za mwarobaini zimeonekana kuharibu mimba changa. Bibi akiletewa kikombe, ashukuru kwa adabu na asinywe. Ikiwa aliyekileta ni mama mkwe, basi ni kazi ya bwana, si ya bibi, kwenda kumweleza mama yake kwa upole kwamba muuguzi amekataza. Mwana humweleza mama yake jambo hilo likapita, lakini mkamwana akilisema huonekana ana kiburi.

Mabadiliko ya kila siku

Kichefuchefu huanza mnamo wiki ya tano au ya sita, huzidi karibu na wiki ya tisa, na kwa wengi hupungua kabla ya wiki ya 16. Si lazima kije asubuhi tu. Bibi aweke kitu kikavu karibu na kitanda, kipande cha mkate, biskuti au muhogo wa kuchoma, akile kabla hajainuka. Ale kidogo kidogo mara nyingi. Chai ya tangawizi husaidia wengine. Samaki akaangwe nje na mtu mwingine, au siku hizo achemshwe. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kutwa nzima, na mkojo wake ukawa mchache na mweusi, apelekwe hospitali kuongezewa maji. Huyo si mvivu wala hadeki.

Chakula kizuri cha mja mzito hakihitaji duka. Idsowe kuna mchicha, kunde, pojo, ndizi, maembe kwa msimu wake, wali na samaki wa mto. Linalokosekana mara nyingi ni haki mezani: kipande kikubwa cha samaki huenda kwa bwana, na mja mzito hula mchuzi. Bwana mwenye akili atakigawa mbele ya wote, na hakuna atakayemwuliza. Maziwa yanayonunuliwa kutoka kwa jirani zetu Waorma na Wardei ni lishe nzuri mno, ila yachemshwe mpaka yafoke, kwa sababu maziwa mabichi hubeba ugonjwa wa homa za kurudiarudia ambao waweza kuharibu mimba. Mnazi, pombe nyingine zote na sigara viachwe, na bwana anayevuta avutie mbali na nyumba.

Na udongo? Hapa wengine watacheka kwa haya. Utafiti uliofanyika Kilifi, jirani zetu wa kusini, na kutolewa mwaka 1998 uliwauliza akina mama waja wazito 275, na asilimia 56 walisema hula udongo mara kwa mara. Wengi waliupenda ule wa kubandua ukutani, na kwa wastani walikula kama gramu 40 kwa siku. Si jambo la wachache, basi, wala si wazimu. Lakini watafiti hao waliona pia kwamba wala udongo walikuwa na akiba ndogo zaidi ya madini ya chuma mwilini. Udongo haurudishi damu, na huweza kuleta mayai ya minyoo. Ukiona tamaa hiyo imekushika, mwambie muuguzi apime damu yako. Tamaa ya embe bichi kwa chumvi na pilipili haina ubaya, zaidi ya kiungulia.

Kuhusu kazi tulisema kwamba haiharibu mimba iliyo salama, na hatubadili neno. Lakini mtoni ni jambo lingine. Mamba na viboko wa Tana wanajulikana, na mwanamke mwenye kizunguzungu, aliyeinama kando ya maji na dumu la lita 20, si mwepesi wa kuruka nyuma. Bwana achukue baiskeli na madumu, akachote yeye. Watu watacheka. Wacheke wiki ya kwanza. Ya pili watakuwa wamezoea, na ya tatu pengine kuna kijana mwingine ataonekana na madumu yake. Maji ya kunywa yachemshwe.

Bwana asishangae pia akijiona yeye mwenyewe anachafukwa na tumbo, analala vibaya au ameongezeka uzito. Hutokea kwa waume wengi, na si kurogwa. Aliye kazini Mombasa au Malindi apige simu jioni na aulize jambo moja mahususi: leo umekula nini, vidonge umemeza? Kumwuliza "hujambo?" peke yake hakuleti jibu ila "sijambo".

Tendo la ndoa linaruhusiwa katika mimba iliyo salama. Mtoto amehifadhiwa vizuri ndani ya mji wa mimba na haguswi. Liachwe kama kuna damu au maumivu, au kama muuguzi au daktari amekataza. Mara nyingi, hata hivyo, katika miezi hii bibi hana hamu kwa sababu ya uchovu na kichefuchefu. Aseme hivyo waziwazi, bila kujifanya mgonjwa wa kichwa kila usiku; na bwana asidhani amechukiwa. Wengi huona hamu inarudi mwezi wa nne.

Hesabu ya mto

Mkiwa mmekwisha kujua tarehe ya hedhi ya mwisho, hesabuni hivi: ongezeni siku saba, kisha rudini nyuma miezi mitatu. Ikiwa hedhi ilianza tarehe 10 Agosti, mtoto anatazamiwa karibu na tarehe 17 Mei. Sasa tazameni tarehe hiyo mkikumbuka mto. Tana hufurika kwa mvua za masika, Aprili na Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, mara nyingi kwa maji yaliyonyesha mbali kule milimani huku kwenu kumekauka. Wazee wanakumbuka mafuriko ya El Niño ya 1997, na vijana wameyaona ya 2018, ya Novemba 2023 na ya mwaka 2024, barabara zikikatika na watu wakihamia kwenye kambi za miinuko. Kama tarehe yenu inaangukia miezi hiyo, chagueni mapema jamaa anayekaa upande wa hospitali, pasipokatwa na maji, bibi ahamie kwake kabla mto haujapanda. Mwambieni jamaa huyo mwezi wa nne, siri itakapokuwa imelegea. Kijitabu cha kliniki na vitambulisho viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu, karibu na mlango.

Baada ya safari ya kwanza ya kliniki, mwulize muuguzi tarehe ya kurudi kwa ajili ya SP ya kwanza. Sindano ya pepopunda na dawa ya minyoo nazo zina wakati wake, naye atawaandikia. Kwa mimba ya kwanza mama huanza kumsikia mtoto akicheza karibu na wiki ya 18 hadi 20, wengine baadaye kidogo, na mwanzoni ni kama kipepeo ndani ya tumbo. Wakati huo shangazi na majirani watakuwa wamekwisha kujua wenyewe, kwa kuitazama kanga inavyofungwa.